Hivi kwenzi wa zambarau anapata ile rangi kwenye matunda anayokula? Na jike mbona hana?

#1 MkuyuMkubwa
Habari wakuu. Kuna kitu kimenikaa kichwani tangu utoto naomba tukijadili. Kuna huyu kwenzi mdogo, dume kichwa, mgongo na kifua vyote ni zambarau inayong'aa halafu tumbo jeupe pee. Bibi yangu alikuwa anatuambia amekuwa vile kwa kula zambarau, yaani rangi ya tunda imepanda mpaka kwenye manyoya, na sisi tukaamini moja kwa moja kwa sababu ukila zambarau ulimi si unabadilika. Sasa wiki iliyopita nimekaa chini ya mkuyu ulioiva, wakaja kama kumi na wawili hivi, madume na majike, wanakula makuyu yaleyale kwenye tawi lilelile. Jike ni kahawia juu, chini jeupe lenye michirizi, hana hata tone la zambarau. Nikabaki najiuliza, kama rangi inatoka kwenye tunda mbona yeye anakula sawa na mumewe na haimshiki? Wanaojua ndege karibuni.

#2 Kijiti
Subiri kwanza. Yule mwenye michirizi ndo jike wake?? Mimi miaka yote najua ni ndege wawili tofauti wanaotembea pamoja.

#3 BintiMiombo
@Kijiti ndo mkewe huyo. Hujakosea peke yako, wengi wanamdhania ni ndege mwingine kabisa, wa wale wanaochakura majani makavu chini. Tofauti ni kwamba huyu kutua chini ni kwa nadra sana, maisha yake ni juu mitini. Na makinda yakitoka yanafanana na mama yao, hata ya kiume.

#4 Magadi_Meupe
Bibi asilaumiwe haraka jamani. Mcheki flamingo wa Ziwa Natron, anazaliwa kijivu, ule wekundu unakuja baadaye kwa kula vijimea vidogo vya kwenye maji ya magadi. Akifungiwa sehemu akapewa chakula kisicho na hiyo rangi, manyoya mapya yanaota yamepauka. Ile rangi inaitwa karotinoidi, ukoo mmoja na ya kwenye karoti, na ndege hawezi kuitengeneza mwenyewe lazima aile. Kwa hiyo rangi kutoka kwenye chakula kwenda kwenye manyoya ni kitu kipo, sio hadithi. Na ndege wengi wekundu na wa njano wako hivohivo.

#5 FundiLenzi
@Magadi_Meupe kwa flamingo uko sahihi, ila kwa kwenzi hapana. Mimi niliwahi kuokota unyoya wa mgongo wa dume chini ya mti, nikaenda nao nyumbani nikauchezea karibu siku nzima. Ukiuangalia mwanga ukiwa unatokea nyuma yako zambarau inawaka. Ukiugeuza kidogo unaenda kwenye waridi, ukiugeuza tena unaenda kwenye bluu. Halafu nikauinua nikauweka kati ya jicho na dirisha, mwanga upite katikati yake, rangi yote ikapotea! Ukabaki kahawia iliyokolea, karibu na nyeusi. Ingekuwa ni rangi iliyolowekwa ndani kama kitambaa kilichotiwa rangi isingepotea namna ile.

Maelezo yake ni haya. Ndani ya unyoya kuna chembe za melanini, hiyohiyo inayoweka weusi kwenye nywele zetu, ila zimepangwa tabaka kwa tabaka kwa vipimo vidogo mno, na mwanga ukigonga pale baadhi ya rangi zinaimarishana zinarudi kwako, nyingine zinafutana. Ni kama povu la sabuni, au mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Maji hayana rangi na sabuni haina zambarau lakini unaona zambarau. Kwa hiyo hakuna rangi ya tunda pale hata chembe.

#6 Kijiti
Kwa hiyo yule ndege kwa ndani ni mweusi tu, amevaa mwanga?

#7 FundiLenzi
@Kijiti umesema vizuri kuliko mimi.

#8 Darubini_ya_Babu
Nyongeza kwa #5. Ndege wengi wanaometameta wanatumia chembe za melanini zenye umbo la kijiti kilichojaa, basi. Ukoo wa kwenzi wa Afrika umeenda mbali zaidi, wana vijiti vyenye uwazi ndani, wana vibapa vilivyojaa na vibapa vyenye uwazi. Mwaka 2013 Maia, Rubenstein na Shawkey walilinganisha aina nyingi za kwenzi hao, wakaona zile zenye maumbo mapya zimepata rangi nyingi zaidi na kali zaidi, na hata aina zenyewe zimeongezeka haraka kuliko zile zilizobaki na umbo la zamani. Ndo maana ukiangalia kwenzi wa Afrika huyu bluu, yule kijani, yule zambarau. Malighafi moja, mpangilio tofauti.

#9 MkuyuMkubwa
Asanteni, #5 imenifungua macho kwelikweli. Basi bibi tumwache apumzike. Ila nusu ya swali bado ipo. Kama ni mpangilio wa chembe tu, na jike ana melanini maana ni kahawia, kwa nini yeye hakupangiwa?

#10 Sululu77
Hiyo rahisi. Jike ndo anaatamia. Aking'aa kiotani nyoka na kipanga wanamwona. Dume yeye ahangaike na urembo.

#11 BintiMiombo
@Sululu77 kiota gani hicho unachosema? Huyu anataga ndani ya shimo la mti. Kule ndani giza, hata angekuwa na taa kichwani kipanga haoni. Na ndege wengi wa kutaga mashimoni majike yao yana rangi kali tu, angalia kasuku. Hoja ya kujificha ina nguvu kwa anayetaga kwenye kiota cha wazi.

#12 Sululu77
Dada yangu, ndani giza sawa, ila mlango uko nje. Anayeatamia ni jike peke yake, kama wiki mbili hivi, na katikati ya hizo siku anatoka kula anarudi, anatoka anarudi. Kila safari mwenye macho mabaya anaangalia anaingia wapi. Dume halali humo. Kwa hiyo kujificha hakuanzii kiotani, kunaanzia njiani.

#13 BintiMiombo
Hapo nakupa nusu. Ila baada ya kuangua wote wawili wanaleta chakula, na dume anaingia palepale mlangoni na zambarau yake mchana kweupe karibu wiki tatu. Mbona yeye hajalazimika kuficha njia?

#14 Sululu77
Ndo maana majike hayampendei akili 😂

#15 Darubini_ya_Babu
Kuna maelezo mengine watu hawayafahamu sana na yametokana na kwenzi haohao. Rubenstein na Lovette mwaka 2009 walilinganisha kwenzi wa Afrika wanaoishi kwa makundi ya familia, ambapo ndugu wanasaidia kulea makinda, na wale wanaozaa wawiliwawili tu. Kwenye makundi dume na jike wanafanana, wote wanang'aa. Mfano wake ni yule kwenzi tumbo la rangi ya kutu na mstari mweupe kifuani ambaye Rubenstein amemfuatilia miaka mingi pale Mpala, Laikipia. Jike kule ndani ya kundi anashindana na majike wenzake nani apate nafasi ya kuzaa, kwa hiyo na yeye anahitaji sare ya ushindani. Huyu wa MkuyuMkubwa anazaa wawiliwawili, hana kundi la kugombania, na kweli ni mmoja wa kwenzi ambao dume na jike wanatofautiana sana kuliko wote.

#16 FundiLenzi
@Darubini_ya_Babu nakuheshimu mzee wangu, ila hiyo inaeleza kwa nini jike wa kule Laikipia anang'aa. Haielezi kwa nini huyu wa kwetu HANG'AI. Kukosa sababu ya kuwa na kitu sio sababu ya kukipoteza, labda kama kukitunza kuna gharama. Gharama yenyewe ni ipi?

#17 Darubini_ya_Babu
Swali zuri na sina jibu la kukufunga mdomo. Labda gharama ni hiyohiyo ya Sululu77, kuonekana.

#18 Sululu77
Andikeni tarehe wakuu, mzee amekuja upande wangu!

#19 Mama_Kinda
Wadau mmemtoa bibi mapema mno. Mimi namrudisha kwa mlango wa nyuma.

Ni kweli tunda halitii rangi kwenye unyoya. Ila zile chembe zipangike kwa vipimo vidogo namna ile, mwili unahitaji uwe vizuri wakati manyoya yanaota. Ndege aliyekula vibaya kipindi cha kubadili manyoya mpangilio unalegea, mng'ao unapungua. Hii imejaribiwa Marekani kwa ndege mmoja mweusi anayemetameta, yule anayetaga kwenye viota vya wenzake: madume waliobanwa chakula wakati wa kuota manyoya walitoka na mng'ao hafifu kuliko walioshiba. Kwa hiyo jike wa kwenzi akimwangalia dume anayewaka, anaangalia historia ya alivyokula. Mwenye mkuyu mzuri anawaka zaidi. Bibi alikosea njia ila mwisho wa safari alifika.

#20 MkuyuMkubwa
@Mama_Kinda umenifurahisha sana, nitaenda kuliambia hata kaburi lake.

#21 Magadi_Meupe
Ila zambarau yenyewe hapana hata kwa mlango wa nyuma. Mzambarau tunaoula matunda yake mjini na mashambani umetoka Asia, umeletwa. Kwenzi alikuwa na rangi yake zamani kabla huo mti haujafika huku. Porini kuna mzambarau wa asili, ndugu yake, huo anaweza akawa alikula.

#22 Mswahili_wa_Pwani
Naomba nichomekee kidogo la lugha. Tunda ndo limeipa rangi jina, Kiswahili kinasema rangi ya zambarau kwa sababu ya tunda zambarau. Kwa hiyo aliyesema kwenzi amepata rangi kwa zambarau, kwa upande wa JINA la rangi yuko sahihi! Ila mimi kwa ndege huyu ningesema urujuani, neno lililotufikia kwa Kiarabu. Zambarau ni nzito, karibu na nyeusi. Huyu akigeuka kuna wekundu ndani yake.

#23 Kijiti
Urujuani ni ile ya kwenye upinde wa mvua ya mwisho kabisa. Huyu ni zambarau, nimemwona kwa macho.

#24 Mswahili_wa_Pwani
Juzi ulikuwa unamwona ni ndege wawili 😄

#25 FundiLenzi
Msigombane, mwulizeni jua liko wapi. Asubuhi ni wa kwenu wote.

#26 Tabora_Kaskazini
Na kwenzi au kwezi? Kwetu wengine wanasema kwezi.

#27 Mswahili_wa_Pwani
Yote utayasikia. Kamusi zinakubali kwenzi.

#28 Usambara_Mvua
Wa kula matunda mwenye rangi za ajabu mimi namjua kulukulu, yule kijani mwenye mabawa mekundu. Huyo rangi yake ni ya kweli, na mvua ikimnyeshea inachuja, maji yanadondoka mekundu. Kwa hiyo sio ndege wote wamevaa mwanga kama mnavyosema.

#29 Darubini_ya_Babu
@Usambara_Mvua nusu kweli nusu chai. Ni kweli wekundu wa kulukulu ni rangi halisi, na ni rangi ya ajabu mno kwa sababu ina shaba ndani yake, shaba hii ya madini. Mwingereza mmoja mkemia, Church, aliieleza mwaka 1869. Inayeyuka kwenye maji yenye magadi, ndo wazo la kuchuja lilipoanzia. Ila mvua ya kawaida haimchuji, ingekuwa hivyo Usambara nzima tungekuwa na kulukulu weupe. Na kulukulu sio ndugu wa kwenzi, yeye hayumo hata kwenye kundi la ndege waimbao.

#30 Usambara_Mvua
Sawa mkuu, nimepokea. Nilisimuliwa na mjomba, mimi mwenyewe sijawahi kuona maji mekundu.

#31 Kijiti
Na kwenzi huyu ni mwimbaji? Sijawahi kumsikia.

#32 BintiMiombo
Ni mwimbaji kwa ukoo, kwa sauti ni mpole. Kuna mluzi laini unaogugumia kama maji kwenye shingo ya kibuyu, mfupi, na ukiwa mbali huusikii. Kwenzi wengine wanapiga kelele mpaka unafunga dirisha, huyu hapana. Ndo maana anapita juu ya vichwa vya watu bila kutambuliwa, mpaka jua limpige.

#33 Maabara_ya_Mtaa
Nimesoma uzi wote kutoka mwanzo, hongereni. Nina la kwenye tumbo maana mmeongelea manyoya tu.

Hawa jamaa wa kwenzi hawasagi sukari ya miwa. Imepimwa kwa kwenzi wa Ulaya na kwa jamaa zake kadhaa, utumbo wao hauna kile kimeng'enya cha kuvunja sukrosi. Ukimpa maji ya sukari ya kawaida anaharisha, na akionjeshwa mara kadhaa anajifunza kuyakataa. Wanachotaka ni glukosi na fruktosi ambazo tayari zimevunjwa. Sasa angalia matunda laini ambayo miti huwawekea ndege wa aina hii, mengi sukari yake ni hizohizo mbili, na kuyu limo. Wakati maua yanayotembelewa na ndege wadogo wanyonyao asali kule Marekani yana sukrosi kwa wingi. Yaani mti na mteja wake wanajuana.

Kwa hiyo wanaoweka maji ya sukari uani ili kuvuta ndege wazuri, kwa kwenzi mnamtesa. Wekeni tunda.

#34 Mama_Kinda
@Maabara_ya_Mtaa hii sikuijua kabisa, asante sana.

#35 Magadi_Meupe
Kwenye makuyu kuna jambo jingine, yana madini ya kalsiamu mengi kuliko matunda mengine mengi. Kwa jike anayetengeneza maganda ya mayai hilo sio dogo.

#36 Shamba_la_Juu
Ila tusimfanye mla matunda tu jamani. Mvua za kwanza kumbikumbi wakitoka, huyu anawadaka hewani kama mbayuwayu, anaruka kutoka tawini anadaka anarudi. Nimesimama nimeangalia nusu saa. Dume mmoja nilimhesabia mara kumi na saba kabla sijapotea hesabu.

#37 Mama_Kinda
Sahihi kabisa, na hilo lina maana yake kwa makinda. Tunda lina sukari na maji, proteni kidogo sana. Kinda anayetakiwa aote mwili mzima ndani ya wiki tatu hawezi kujengwa na makuyu matupu. Kwa hiyo wazazi wanaleta wadudu kwa wingi, matunda yanafuata.

#38 Kijiti
Kwa hiyo uzi ubadilishwe jina, zambarau ya kwenzi inatokana na kumbikumbi.

#39 Mama_Kinda
Kijiti ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa kiranja 😂

#40 Tabora_Kaskazini
Nina kisa. Nilikuwa na nguzo ya uzio ya bomba la chuma, juu iko wazi, haina kifuniko. Mwaka ule jozi moja ya hawa ikaingia humo. Nilidhani watapikwa na jua lakini walizaa. Kilichonishangaza ni majani MABICHI. Walianza na mavi makavu ya wanyama na nyasi, halafu karibu kila siku wanaleta jani bichi, la kijani kabisa, linaingizwa ndani. Makinda yalipotoka nikachungulia nikakuta tabaka la majani yaliyokauka. Ni ya nini? Kulalia si mavi makavu yanatosha?

#41 Sululu77
Kupoza bomba. Jani bichi lina maji.

#42 Maabara_ya_Mtaa
Wazo la kupoza sio baya kwa bomba lako, ila hata wanaotaga kwenye mti wenye kivuli wanaleta majani. Kwa kwenzi wa Ulaya watu wamebishana kwa miaka. Kundi la kwanza, Clark na Mason miaka ya 1980, walisema ni dawa, ndege anachagua majani yenye harufu kali yanayozuia viroboto, utitiri na vijidudu. Wengine wakaja wakapima wadudu kwenye viota vyenye majani na visivyo na majani, hawakuona tofauti kubwa. Wakasema majani sio dawa, ni posa, maana kule Ulaya anayebeba majani ni dume, na anayabeba jike akiwa anaangalia, akishataga dume anaacha. Halafu kundi la tatu likasema wadudu wanabaki walewale ila makinda yanakuwa na afya zaidi, yaani majani yanamtibu kinda bila kumuua mdudu.

#43 Tabora_Kaskazini
Posa kwa wangu haikai. Waliendelea kuleta hata mayai yalipokuwepo.

#44 Maabara_ya_Mtaa
Nani alikuwa analeta, dume au jike?

#45 Tabora_Kaskazini
Wote nimewaona na jani mdomoni. Ila sikuwa naandika, nasema ninachokumbuka.

#46 Maabara_ya_Mtaa
Basi wakirudi andika mkuu. Siku, saa, nani, na jani la mti gani. Hiyo nguzo yako ina thamani kuliko unavyodhani. Na tafadhali usiizibe juu.

#47 Tabora_Kaskazini
Siizibi ng'o.

#48 Ruaha_Kiangazi
Nami niulize, hawa huwa wanaenda wapi? Huku kuna miezi wapo wengi halafu ghafla kimya.

#49 Darubini_ya_Babu
Wengi ni wahamaji wa ndani ya Afrika, hawavuki kwenda Ulaya kama mbayuwayu. Kusini kabisa, Zimbabwe, Afrika Kusini, wanafika mwezi wa kumi na wa kumi na moja, wanazaa na mvua, kufika mwezi wa tatu wa nne wanapungua wanarudi kaskazini. Afrika Magharibi wanapanda na mvua kuelekea Sahel. Wapo mpaka ng'ambo ya Bahari ya Shamu, Yemen na Saudia upande wa milimani. Hata aliyempa jina la kisayansi, Boddaert mwaka 1783, alitumia ndege wa kutoka Ouidah, Benin ya leo. Jina lenyewe, leucogaster, maana yake tumbo jeupe. Ajabu eti, zambarau yote ile na mtu akaona tumbo!

#50 Shamba_la_Juu
Wanafuata kumbikumbi. Mvua, kumbikumbi, kwenzi. Nimeangalia miaka.

#51 MkuyuMkubwa
Wangekuwa wanafuata kumbikumbi tu wangeondoka kumbikumbi wakiisha. Huku kwangu wanabaki mpaka mkuyu uishe. Na mkuyu hauna msimu mmoja, huu unaiva leo ule wa mtoni unaiva mwezi ujao. Nadhani wanatembea mkuyu kwa mkuyu.

#52 BintiMiombo
Na mimi naongeza ile mimea inayojishikiza juu ya matawi ya miti mingine, yenye vitunda ambavyo mbegu yake inanata kama ulimbo. Wanaipenda sana, na wao ni kati ya ndege wanaoipandikiza mti kwa mti. Inaiva wakati miti mingine haina kitu.

#53 Darubini_ya_Babu
Mimi nasema mashimo. Kuzaa kwake kunategemea shimo la mti na hayatoboi mwenyewe, anategemea gogota au tawi lililooza. Chakula kipo sehemu nyingi, shimo tupu ni adimu. Labda wanakwenda kule ambako wenzao hawajayajaza.

#54 Ruaha_Kiangazi
Nimeuliza moja nimepewa manne. Na kuna jingine, mwezi wa tano niliona kundi la kahawia tupu, kama ishirini, hakuna dume hata mmoja. Madume yanatangulia?

#55 BintiMiombo
Inawezekana, ila kumbuka #3, makinda ya kiume nayo ni kahawia. Katika hao ishirini huenda saba ni vijana wa kiume na huwezi kuwajua.

#56 Mama_Kinda
Hapo ndo kuna kitu kingine cha kumrudisha MkuyuMkubwa kwenye swali lake. Kwa kuku na bata inajulikana kwamba jike akipoteza ovari anaota manyoya ya dume. Yaani manyoya ya dume ndo yapo tayari, na homoni ya kike ndo inayazuia. Kama kwenzi naye yuko hivyo basi tumeuliza kinyume, sio kwa nini jike hakupewa, ni kwa nini amezuiwa.

#57 FundiLenzi
Ila kwa kwelea na jamaa zake njia ni nyingine. Rangi ya dume wakati wa kuzaa inaamshwa na homoni ya tezi iliyo chini ya ubongo. Na hao kwa ukoo wako karibu na kwenzi kuliko kuku. Mimi nisingemvalisha kwenzi viatu vya bata.

#58 Mama_Kinda
Sijamvalisha, nimemshikia tu ajaribu.

#59 MkuyuMkubwa
Wakuu leo asubuhi nimerudi kwenye mkuyu uleule. Makuyu yamebaki machache upande wa jua. Nimemwona mmoja wa ajabu, kahawia na michirizi kama jike, ila begani ana kiraka cha zambarau na mgongoni viwili, havijaungana, na shingo upande mmoja ina manyoya matatu manne yanayowaka mengine bado. Amekaa karibu dakika kumi. Alikula makuyu matano, hesabu ninayo, na mdudu mmoja aliyemtoa kwenye gome. Pembeni yake jike anakula. Nimejaribu kupiga picha kwa simu inatoka doa tu.

#60 BintiMiombo
Kijana wa kiume huyo, anavua kahawia! Upande wa shingo ni wa kulia au kushoto?

#61 MkuyuMkubwa
Kushoto. Kesho naenda tena kabla jua halijapanda.

#62 FundiLenzi
Angalia na chini ya mti, anadondosha manyoya huyo. Ukipata la kahawia na la zambarau la ndege mmoja, usiyatupe.